Mawe ya Msingi

Nililala.

Ilikuwa saa sita usiku na dakika kadhaa, Juni 2024. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, na kwenye kioo chake kipindi cha Summer Game Fest kilikuwa kinarushwa moja kwa moja kutoka Los Angeles, ambako kwao ilikuwa bado saa nane na ushei mchana. Nilijiandaa vizuri. Bando nilinunua jioni, chai ya tangawizi nilichemsha ya kutosha. Trela ya kwanza niliitazama, ya pili niliitazama, ya tatu sina uhakika. Nilipozinduka nilikuta upanga, moshi, na sauti ya mwanamke ikinong'ona habari za giza linalorejea. Nikadhani ni trela ileile iliyonilaza. Nikarudisha nyuma. Zilikuwa zimepita nne.

Asubuhi nikamwandikia mdogo wangu Salumu: "Jana hakukuwa na kitu." Akanijibu kwa neno moja: "Tena?"

Neno hilo lilinikaa siku nzima, kwa sababu alikuwa na haki. Nilimwandikia hivyo mwaka 2021, nikamwandikia hivyo 2022, nikarudia 2023. Mtu akila kwenye mgahawa siku moja akasema chakula kibaya, tunamlaumu mpishi. Akirudi miaka minne, meza ileile, akatoka na lalamiko lilelile, inabidi tumuulize yeye mwenyewe anafuata nini pale.

Makala haya ni jaribio la kumjibu Salumu.

*

Tuanze na trela zenyewe, maana zina kanuni zake kama ngano za paukwa pakawa. Kioo cheusi. Upepo. Sauti ya mzee au ya mtoto inasema kwamba zamani mambo yalikuwa tofauti. Wimbo wa miaka ya nyuma unaimbwa polepole kama upo msibani. Mtu anasimama ametupa mgongo, anageuka, kabla hatujauona uso wake ngoma moja nzito inalia. Jina la gemu. Chini yake mwaka, au neno lenye maana ya "karibuni". Dakika mbili zimekwisha na hujui bado mchezaji anafanya nini. Anabonyeza nini? Anashinda vipi, anashindwa vipi? Filamu inaweza kujitangaza kwa sura na sauti kwa sababu sura na sauti ndizo filamu yenyewe. Gemu ni kitu unachokifanya. Trela isiyoonyesha kitendo haijaonyesha gemu.

Kiswahili kina neno zuri kwa trela fupi: kionjo. Shangazi yangu aliwahi kuuza asali kwenye maonesho ya Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa. Mezani aliweka bakuli na vijiti. Mteja alichovya, akalamba, akatikisa kichwa, akanunua au akaenda zake banda la jirani. Asali ya kwenye kijiti ndiyo iliyokuwa ndani ya chupa. Hicho ndicho kionjo. Ukimwonyesha mtu picha ya mzinga huku vinanda vinalia, hujamwonjesha kitu.

Na Kiswahili hichohicho kilishatuonya kwa neno jingine. Kwetu tangazo ni habari na tangazo ni biashara: kuna tangazo la msiba na kuna tangazo la sabuni, jina ni moja. Kabla ya usiku ule niliolala, jarida la Esquire la Marekani liliripoti kwamba kuweka trela ya dakika moja kwenye kipindi hicho kuligharimu dola 250,000, na ya dakika mbili na nusu dola 550,000. Si kila nafasi inalipiwa. Zipo zinazotolewa bure kwa magemu ambayo waandaaji wameyapenda. Lakini mtazamaji haambiwi ipi ni ipi. Mimi nilikuwa nimenunua bando kwa pesa yangu ili nikeshe natazama sabuni, halafu nikashangaa kwa nini nasinzia.

*

Nilipokuwa kidato cha pili, kwenye shule yetu liliwekwa jiwe la msingi la maktaba. Tulifagia uwanja siku mbili. Tuliimba. Mgeni rasmi alivuta pazia dogo la kitambaa cha buluu, na nyuma yake kulikuwa na kibao cha marumaru chenye jina lake na tarehe. Tukapiga makofi kwa moyo wote. Sisemi kwa kejeli, tulikuwa tunaiona ile maktaba. Mimi niliona mpaka rafu. Tulimaliza kidato cha nne jiwe likiwa palepale, limekuwa kiti kizuri wakati wa mapumziko kwa sababu lilipata kivuli cha mwarobaini.

Juni 2018, kwenye maonesho ya E3, kampuni ya Bethesda ilionyesha The Elder Scrolls VI. Kamera ilipita juu ya milima yenye ukungu, jina likatokea, basi. Haikufika dakika moja. Gemu lililotangulia, Skyrim, lilitoka mwaka 2011, kwa hiyo watu walikuwa na njaa ya miaka saba. Ukumbi ulilipuka. Na mimi nililipuka, mkono mdomoni nisiamshe watu. Sasa, tukitazama kwa macho makavu, tuliambiwa nini usiku ule? Kwamba baada ya tano inakuja sita. Pazia lilivutwa, kibao kikaonekana, tukaanza kuona rafu. Mpaka naandika makala haya maktaba haijajengwa.

Wapo watakaosema simwelewi mjenzi, na hoja yao ina uzito. Gemu kubwa la leo linachukua miaka mitano au zaidi na mamia ya watu. Kampuni inatangaza mapema ili mashabiki watulie, wawekezaji wapate moyo, na wataalamu wanaotafuta kazi wajue kuna kazi. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama orodha hiyo: mwekezaji, mwajiriwa mtarajiwa, shabiki wa kutulizwa. Aliyekesha ili ajue atacheza nini hayumo. Jiwe la msingi halisemi uongo. Linasema na watu wengine.

Kuna aina ya pili, ambayo ni hatari zaidi: kipande. Watengenezaji wa magemu huandaa sehemu moja ndogo, dakika kumi au ishirini, wakaing'arisha mpaka ifanane na gemu lililokamilika, kama mtu anayeoka kipande cha keki kabla ya keki yenyewe. Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilijengewa sifa kwa vipande vya namna hiyo. Kwenye E3 ya 2019 mwigizaji Keanu Reeves alitokea jukwaani kuitangazia tarehe, na ukumbi ukampenda kuliko gemu. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kuahirishwa mara tatu, na kwenye mashine za PS4 na Xbox One ilikuwa inakwama na kuzima kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni mwezi huohuo na kuwarudishia watu pesa. Ikarudi dukani Juni 2021. Ilikuja kutengenezwa vizuri baadaye, na leo wanaoicheza wanaisifu kwa haki. Lakini keki iliokwa baada ya wageni kuondoka.

*

Haikuwa hivi siku zote, na hapa nataka nijilinde dhidi ya ugonjwa wa kusema zamani kulikuwa kuzuri. Nichague matangazo mawili tu, nieleze kwa nini yalikuwa mazuri.

La kwanza ni la Mei 1995, E3 ya kwanza kabisa, Los Angeles. Sega walisimama wakatangaza kwamba mashine yao ya Saturn inauzwa dola 399 na tayari imeshafika kwenye baadhi ya maduka, miezi minne kabla ya tarehe iliyojulikana. Baadaye siku hiyo, kwenye mkutano wa Sony, Steve Race alipanda jukwaani, akasema "299", akashuka. Hiyo ndiyo hotuba nzima. Bei ya PlayStation. Hakuna moshi wala vinanda, lakini kila aliyekuwa ukumbini alijua akitoka pale afanye nini na pesa yake.

La pili ni la Juni 2013. Hilo nililifuatilia mwenyewe, kwa maandishi tu, kwa sababu modemu yetu haikuweza kubeba video. Microsoft walikuwa wameeleza kwamba Xbox One italazimika kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimana CD kutakuwa na masharti. Bei dola 499. Mashine ilipangwa kuanza kuuzwa katika nchi 21, hata moja haikuwa ya Afrika. Sisi Mbagala tulisoma habari hizo kama mtu anayesoma masharti ya klabu ambayo hakualikwa. Vibanda vyote vya gemu nilivyovijua viliishi kwa CD za mkono wa pili na wa tatu, na umeme wenyewe haukuwa na uhakika wa saa 24, sembuse intaneti. Kisha saa kumi alfajiri kwa saa zetu, Sony wakatangaza PS4 kwa dola 399, wakasema CD ni mali ya aliyeinunua. Wakatoa na video fupi ya mafunzo ya kumwazima mwenzako gemu: mkuu mmoja anampa mwenzake kasha, mwenzake anapokea. Imekwisha. Siku tisa baadaye Microsoft wakafuta masharti yao.

Matangazo haya mawili yana kitu kimoja: unaweza kuyashika. Bei, tarehe, kanuni ya kuazimana. Ukidanganywa utajua umedanganywa katika lipi. Tangazo la "karibuni" haliwezi kuwa uongo, na ndiyo maana halina thamani.

Ningependa kusema kwamba soko hulipa ukweli wa namna hiyo, lakini sivyo. Sega walioweka mashine dukani siku ileile waliwakasirisha wauzaji walioachwa, magemu yakawa machache, na Saturn ikazama Marekani. Tarehe 25 Januari 2023 studio ya Tango Gameworks ya Tokyo ilitangaza gemu la Hi-Fi Rush na kuliachia siku hiyohiyo. Unaona trela, unaanza kucheza. Sijaona tangazo lenye adabu kuliko hilo. Mei 2024 Microsoft, waliokuwa wanaimiliki studio, wakatangaza kuifunga. Kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ndiyo iliyokuja kuinusuru miezi mitatu baadaye. Aliyejenga kwanza akaalika wageni baadaye alikuwa karibu kubomolewa nyumba, na wenye mawe ya msingi bado wanapigiwa makofi.

*

Basi kwa nini nilikaa mezani miaka yote hiyo? Jibu langu la kwanza, ambalo niliamini mpaka juzi, lilikuwa hili.

E3 ilifungwa kwa watu wa kawaida mpaka 2017, ilipouza tiketi 15,000 kwa umma. Kabla ya hapo, mtoto wa Los Angeles anayeishi mitaa mitatu kutoka ukumbini alitazama dirishani kama mimi wa Mbagala. Kwa saa mbili tulikuwa sawa. Tofauti ilianza baada ya hapo: yeye aliingia dukani, mimi nikaingia kulala. Huduma za mtandaoni za mashine hizi hazikuwekwa kwa ajili yetu. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti za PlayStation, gemu hilo liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazitolewi rasmi, na yetu ikiwemo. Wachezaji walipiga kelele, Sony ikaachana na sharti hilo ndani ya siku chache, lakini orodha ilishatuonyesha tunapokaa. Kwa hiyo, nilijiambia, sisi tangazo ndilo tulilokuwa tunapata kwa ukamilifu na kwa wakati. Kwa mwenye kununua tangazo ni menyu. Kwetu lilikuwa mlo. Likiwa tupu, sisi ndio tunaolala njaa.

Nilimpigia Salumu nimsomee aya hiyo. Nilijivunia sana sentensi ya menyu na mlo.

Lazima nieleze kitu kimoja kuhusu mimi na Salumu. Juni 2016, saa kumi alfajiri, tulikuwa tumekaa chini ya laptop yangu ya chuo kutazama mkutano wa Sony. Yeye alikuwa na miaka 13. Ilikuwa Ramadhani, mama yupo jikoni anapasha daku. Okestra ilianza kupiga moja kwa moja jukwaani, na kwenye kioo akatokea Kratos wa God of War, ambaye mtaa mzima ulimjua kutoka PS2 kama mtu wa kuchinja tu. Safari hii alikuwa na ndevu na mtoto wa kiume. Wakaingia msituni kuwinda kulungu. Mtoto akaachia mshale mapema, baba akamfokea. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria akauliza, "Baba gani huyo, mtoto anajifunza yeye anamkaripia?" Tuliangalia karibu dakika kumi za gemu likichezwa. Lilikuwa kipande, ndiyo, nakubali. Lakini ulijua utatembea, utawinda, utapigana, na utakuwa na mtoto nyuma yako.

Mkutano ulipokwisha nikamwambia Salumu, "Likitoka, nakununulia. Na mashine yake."

Lilitoka tarehe 20 Aprili 2018. Nilikuwa nimeshapata kazi, mshahara mdogo lakini upo. Mwezi ule nilikuwa na kodi, mwezi uliofuata na mchango wa harusi, halafu ikawa mwakani, halafu ikawa kitu ambacho hakisemwi. Salumu hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Ahadi ni deni, wanasema, lakini deni lisilodaiwa ni baya kuliko linalodaiwa, kwa sababu unabaki nalo peke yako. Nilimwekea mdogo wangu jiwe la msingi, likapata kivuli, nikakaa juu yake kulalamika kuhusu Bethesda.

Nilipomaliza kumsomea, alikaa kimya kidogo.

"Kaka, ile God of War mimi niliicheza."

"Lini?"

"Siku nyingi. 2019. Pale kibandani nyuma ya stendi, buku kwa saa. Niliimaliza kwa miezi miwili."

Sikujua niseme nini, nikamuuliza lilikuwaje.

Ndipo mdogo wangu akanipa uhakiki ambao mimi, mwenye kuandika uhakiki, sikuwa nao. Alisema kuna kitufe kimoja, cha mraba, ambacho ukikibonyeza mtoto anapiga mshale. Unakibonyeza mara mia. Unakizoea, mpaka yule mtoto unamwona kama bunduki yako ya pili. Halafu gemu likishakwenda mbali, mtoto anagundua kwamba yeye ni mungu, anavimba kichwa, na kuna wakati katikati ya mapigano unabonyeza mraba na yeye anakataa. "Nilidhani pedi imekufa," Salumu alisema. "Nikamwita jamaa wa kibanda abadilishe. Jamaa akacheka, akaniambia pedi nzima, mtoto ndiye kakuchoka."

Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu aliponiambia. Hakuna trela inayoweza kulionyesha. Ukilitazama kwenye video utaona baba anapigana na mtoto kasimama. Lazima uwe na kidole juu ya kitufe, lazima uwe umekizoea, ndipo kukataliwa kukuume. Mimi niliyatazama yale matukio yote mtandaoni mwaka 2018, mwanzo hadi mwisho, na nikaandika kwa watu kwamba nalijua gemu lile. Sikulijua. Mlo ulikuwa unapikwa nyuma ya stendi kwa shilingi 1,000 kwa saa, na mimi nilikuwa dirishani kwa watu nasoma menyu.

Hilo haliwasamehi wenye mawe. Bado nasema trela isiyoonyesha kitendo ni kijiti kikavu, bado nasema "karibuni" si tarehe. Lakini sehemu ya usingizi ule wa Juni ilikuwa yangu. E3 yenyewe ilikuwa imeshakufa. Waandaaji wake walitangaza Desemba 2023 kwamba haitarudi tena, na hilo likawa moja ya matangazo yake machache yaliyotimia palepale. Mimi niliendelea kukesha, kwa sababu kutazama kinachokuja ni rahisi kuliko kukaa na kilichopo, hasa kama kilichopo ni ahadi uliyoitoa na hukuitimiza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala nikamfuata. Kibanda bado kipo, mapazia yamebadilishwa, kuna feni mpya. Salumu akamwambia jamaa aweke God of War, aanze mwanzo kabisa. Mimi nikatoa noti ya buku mfukoni.

"Toa mbili," Salumu akasema. "Saa moja hata msituni hatutatoka."